ㄧ si 一: jinsi ya kusafisha herufi za zhuyin kwenye orodha ya maneno

Nina orodha ya maneno ya Kichina na Kiswahili ambayo matamshi yake yameandikwa kwa zhuyin, zile herufi 37 ambazo watoto wa Taiwan huanza nazo darasa la kwanza, wiki 10 hivi, kabla ya kuingia kwenye maandishi ya Kichina yenyewe. Siku moja nikatafuta ㄋㄧˇ, yaani 你, "wewe". Hakuna kitu. Na neno lilikuwepo, naliona kwa macho yangu!

Kosa lilikuwa kwenye kistari kimoja. "I" ya zhuyin ni ㄧ, na "moja" ya Kichina ni 一. Fonti nyingi huzichora kama pacha, nyingine huisimamisha ile ya kwanza wima. Kwa kompyuta ni vitu viwili visivyojuana.

Hatua ya 1: uliza namba, usiamini umbo. Fungua Python uandike:

```
import unicodedata
for h in "ㄧ一ー":
    print(hex(ord(h)), unicodedata.name(h))
```

Utapata 0x3127, 0x4e00 na 0x30fc. Ya kwanza ndiyo tunayoitaka. Ya tatu ni alama ya Kijapani ya kurefusha irabu, na mimi nilizikuta zote tatu ndani ya safu moja. Inaeleweka: anayeandika Kichina kwa kibodi ya pinyin, yaani matamshi kwa herufi za Kilatini, hana ㄧ karibu, basi huchukua kinachofanana nayo. Kwenye kibodi ya kawaida ya zhuyin, ㄧ ipo kwenye kitufe cha U, na 你 huandikwa s, u, 3.

Hatua ya 2: hakikisha faili ni UTF-8, msimbo unaogeuza herufi kuwa baiti. Humo ㄧ ni baiti tatu, E3 84 A7. Faili la zamani la Taiwan huenda likawa la Big5, ambamo herufi hiyohiyo ni A3 B8. La China bara, kwa GB2312, ni A8 E7. Ukifungua faili ukaona ã„§, usihifadhi chochote. Baiti zako bado ni nzima, zimesomwa kwa msimbo wa Ulaya Magharibi tu. Lifunge, ulifungue upya kwa kuchagua UTF-8. Ukihifadhi ile takataka ndipo kazi inapoharibika kweli.

Hatua ya 3: tafuta vilivyovamia. Herufi zote 37 zimepangwa mfululizo kwenye Yunikodi, orodha ya dunia inayoipa kila herufi namba yake, kuanzia 3105 (ㄅ) hadi 3129 (ㄩ), kwa hiyo msako ni mwepesi (matamshi ni maandishi ya safu ya zhuyin):

```
import re
re.findall(r"[^\u3105-\u3129\u02ca\u02c7\u02cb\u02d9 ]", matamshi)
```

Kila kitakachotokea hapo ni mgeni. Ukishavitazama, badilisha:

```
matamshi = matamshi.replace("一", "ㄧ").replace("ー", "ㄧ")
```

Fanya hivyo kwenye safu ya matamshi peke yake. Ukiliendesha faili zima, utaiua "moja" halali kwenye safu ya Kichina, na 一月, Januari, haitasomeka tena kwa mashine. Usitegemee NFKC, utaratibu wa Yunikodi wa kusawazisha herufi, ikufanyie kazi hii pia. Haiziunganishi herufi hizi, na iko sahihi kutoziunganisha.

Hatua ya 4: toni. Toni ya kwanza haiandikwi. Ya pili ni ˊ (02CA), ya tatu ˇ (02C7), ya nne ˋ (02CB). Msako wa hatua ya 3 utakuonyesha pale mtu alipoweka ˘ mahali pa ˇ, au nukta ya katikati · mahali pa ˙ (02D9).

Kitu kimoja msako hautakionyesha: mpangilio. Toni nyingine hufuata silabi, lakini ˙ ya toni nyepesi hutangulia. 媽媽, "mama", ni ㄇㄚ ˙ㄇㄚ. Ukikuta ㄇㄚ ㄇㄚ˙, irekebishe kwa mkono.