Ahadi za mwaka kanisani: zipangwe kwa kufuata mavuno

Mimi ni mhazini wa kanisa la Marafiki (Quaker) huku upande wa Kimilili, kaunti ya Bungoma. Kazi ya kupanga ahadi za mwaka ujao, yaani kile kila muumini anachoahidi kulitolea kanisa, naianza Septemba. Najua makanisa mengi hugawa kadi za kuandikia ahadi Januari, lakini Januari mzazi anatafuta karo ya muhula wa kwanza, sare, na nauli ya mtoto wa bweni. Ukimpa kadi wakati huo ataandika kidogo kwa hofu, au ataandika kikubwa kwa aibu na asitimize. Kwetu pesa huja na mahindi. Tunapanda Machi na Aprili mvua zikianza, tunavuna kuelekea mwisho wa mwaka. Ndiyo maana Jumapili yetu ya ahadi huwa Novemba, wakati mtu anajua shamba limempa nini.

Kwa hiyo, ndugu mhazini, anza na karatasi. Andika miezi yote kumi na miwili, na kwa kila mwezi onyesha nani hupata pesa na nani anazitoa. Walimu na wauguzi hulipwa mwisho wa mwezi. Kijana wa boda boda ana hela jioni, kesho yake hana. Huyo usimuombe ahadi ya mwezi, muombe ya wiki. Wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon wanangoja malipo ya chama chao cha ushirika. Kisha tia alama Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili. Kwetu Wabukusu hiyo ni Agosti ya tohara, na 2026 ni mmojawapo. Familia yenye mtahiriwa inalisha ukoo mzima, basi mwaka huo makadirio yetu ya Julai hadi Septemba tunayashusha mapema.

Kabla ya kuomba shilingi moja, toa hesabu ya zile za mwaka jana. Hapa sitaki mchezo. Isome mbele ya mkutano, kisha ibandike mlangoni ikae wiki kadhaa: mshahara wa mchungaji, stima, mabati, kile kilichopelekwa kwa mkutano wa mwaka (chombo cha juu cha makanisa yetu), na salio. Kama choo cha akina mama kilikwama kwenye linta, sema kilikwama kwenye linta na ueleze sababu. Watu wetu si wachoyo. Wanachokataa ni kutoa gizani.

Bajeti mpya iwe fupi, mambo manne au matano yanayoonekana kwa macho. Sisi Marafiki hatupigi kura. Karani, anayeongoza kikao, husikiliza mpaka aone mkutano umekubaliana. Hilo linachukua muda, na linafaa, kwa sababu mtu aliyekubali jambo kikaoni hahitaji kusukumwa kulilipia.

Kadi ya ahadi iwe na sehemu tatu: pesa, mazao, na kazi. Fundi wa mawe akiandika siku zake za kujenga, ametoa. Mjane akiandika kuku, ametoa. Usiweke kiwango cha chini. Na tafadhali, msisome majina na viwango madhabahuni kuanzia mkubwa hadi mdogo. Desturi hiyo imewafukuza watu wengi maskini kanisani, nao huondoka kimya kimya. Kadi zetu zina nambari, na daftari la majina hulishika watu wawili tu.

Mazao ndiyo yanayohitaji akili zaidi. Mnada wa siku ya mavuno unachangamsha, lakini mahindi yakiuzwa siku hiyo yanauzwa bei ikiwa chini kabisa. Tunauza kuku, ndizi na mboga. Mahindi tunayaweka hadi Mei au Juni, wakati maghala ya watu yamekwisha na bei imepanda. Yasipokauka vizuri lakini, utauza kuvu na sumu ya aflatoksini. Yanatakiwa yashuke hadi unyevu wa asilimia 13.5. Kama hamna kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na kijiko cha chumvi kavu, tikisa vizuri, acha robo saa. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani. Yakikauka, yatie kwenye mifuko isiyopitisha hewa, uipange juu ya mbao, mbali na ukuta. Kila gunia la kilo 90 liandikwe nambari ya kadi ya aliyelileta. Anayeleta gorogoro moja, lile kopo la kupimia nafaka, naye apewe risiti kama mwenye gunia.

Pesa taslimu zihesabiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, siku hiyo hiyo, na wote watie sahihi. Za M-Pesa zipite kwenye Paybill (nambari ya kupokelea malipo) ya kanisa, kamwe zisiingie kwenye simu ya mhazini, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Mtu akilipa, mahali pa nambari ya akaunti aweke nambari ya kadi yake. Ulinganisho na daftari ufanywe kila Jumatatu.

Wapo watakaosema tumwalike mwanasiasa, tumalize jambo kwa siku moja. Mwaka wa 2021, Askofu Mkuu wa Kanglikana Kenya, Jackson Ole Sapit, alipomweka wakfu Askofu Rose Okeno kule Butere, aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia ibadani, na mimi, ingawa si Mwanglikana, nilishukuru sana. Mwanasiasa aje aabudu, atie sadaka yake kwenye kapu kama sisi. Bajeti isimtegemee.

Mwisho wa Machi, Juni na Septemba kila mwenye kadi anapata karatasi yake: aliahidi nini, ametoa nini. Neno deni haliandikwi. Aliyefiwa, aliyeugua au aliyepoteza kazi anatembelewa na wazee wawili wa kuomba naye, na anapewa kadi mpya aandike upya, hata kama ni sufuri. Upungufu huo naujumlisha na kumpelekea karani kabla ya kikao kinachofuata, mkutano uamue kazi gani isubiri.