Namna ya kumtafuta askari wa Mjerumani aliyetekwa, 1914–1918

Familia nyingi za Tanzania zinajua kwamba babu wa babu alikuwa askari wa Mjerumani, akashikwa na Mwingereza. Zaidi ya hapo hakuna anayejua. Wanaoanza kumtafuta hukimbilia jina, na hapo ndipo wanapokwama. Anza na mahali alipotekwa, na mwaka.

Jina hupoteza watu kwa sababu vijana wengi wa vijijini walipoingia jeshini walichukua jina jipya, mara nyingi la Kiislamu, ambalo huko kwao hata halikutumika. Karani wa Kijerumani naye aliliandika alivyolisikia: Juma akawa Djuma, Shabani akawa Schabani. Tafuta kwa tahajia zote.

Nenda kwa wazee kwanza. Usiulize mwaka moja kwa moja; uliza alirudi kabla au baada ya ile homa kuu ya mafua ya 1918, na kama ni Ugogoni, njaa ya Mtunya ilimkuta wapi. Uliza cheo (ombasha yaani koplo, shaushi yaani sajini) na kombania, yaani kikosi chake. Vita vilipoanza kulikuwa na kombania 14 za uwanjani, kila moja na kambi yake: ya 1 Arusha, ya 2 Iringa, ya 3 Lindi, ya 8 Songea, ya 12 Mahenge. Upande wa bibi usiupuuze hata kidogo. Wake na watoto waliandamana na msafara, wengine wakashikwa pamoja na waume zao, na mahali alipozaliwa kila mtoto panaweza kukuonyesha njia nzima.

Kisha linganisha na matukio. Tabora ilitekwa na Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916, kwa hiyo aliyeshikwa pale atafutwe Brussels, si London. Mahiwa, upande wa Lindi, Oktoba 1917, walijeruhiwa wengi. Kikosi cha Tafel, ofisa wa Kijerumani, kilijisalimisha tarehe 28 Novemba 1917 kusini, kikiwa na njaa, siku tatu tu baada ya Lettow-Vorbeck, kamanda mkuu wa Wajerumani, kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Basi kama wazee wanasema alivuka naye akapigana Msumbiji, ondoa Mahiwa na Tafel. Huyo huenda alikuwa kati ya waliokabidhi silaha Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wakapelekwa Tabora kuwekwa kambini.

Kosa kubwa ni kukataa ushahidi unaogongana. Shangazi anasema alikuwa wa Mjerumani, ami anasema alikuwa Keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Mwingereza. Wote wanaweza kuwa wakweli: batalioni ya 6 ya KAR iliundwa 1917, na wengi wa askari wake walikuwa mateka waliotoka jeshi la Mjerumani.

Kwenye nyaraka, fungua faili za enzi ya Wajerumani katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Fungu R 1001, la Wizara ya Makoloni, katika Bundesarchiv, nyaraka za taifa za Ujerumani, Berlin. Na shajara za vita za jeshi la Mwingereza, fungu WO 95, katika nyaraka za taifa kule Kew, Uingereza. Shajara hizo hutaja vikosi na idadi ya mateka wa siku ile, si majina ya askari wa kawaida. Ndiyo maana mahali na tarehe ni lazima uwe navyo kabla ya kufika.

Vitu vya sandukuni navyo vikaguliwe. Sarafu ya Kijerumani ya heller 20 ya 1916 yenye herufi T ilifuliwa Tabora, lakini ilikuwa pesa ya kila mtu, haithibitishi uaskari. Medali ya Mwingereza ni habari nyingine: usiisugue, igeuze ubavu kwenye mwanga wa jua, usome namba, jina na kikosi vilivyogongwa ukingoni. Namba iandike kwanza, maana jina hubadilika.