Uchaguzi wa wabunge India ukipindua meza, usikimbilie benki

Nauza spea za pikipiki na baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, na mzigo wangu mwingi unatoka India: cheni, klachi, breki, mipira. Kila wapiga kura wa kule wanapotoa matokeo ambayo hayakutarajiwa, simu yangu haipumui. Vijana wa Makorora na Mabawa wanaoanza kujiagizia wenyewe huuliza lile lile: "Shikamoo mjomba, nasikia soko la India limeporomoka. Niagize leo leo au ningoje?" Basi leo naandika, atakayeuliza tena nimtumie.

Anza kabla kura hazijahesabiwa. Chukua daftari, andika watu wanatarajia nini. Soko linapima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea, na usipojua kilichotarajiwa hutaelewa kwa nini chama kinashinda halafu hisa zinaanguka. Juni 2024 ilikuwa hivyo hivyo. Kura za maoni za vituoni ziliutabiria muungano wa waziri mkuu Narendra Modi ushindi mnono, wengine wakiupa viti zaidi ya 350. Jumatatu tarehe 3 hisa zikapanda zaidi ya asilimia 3 kwa furaha ya utabiri tu. Kesho yake kura zikahesabiwa: muungano ukapata 293, chama chake chenyewe cha BJP 240. Kashinda, ndiyo. Lakini kipimo kikuu cha hisa, Sensex, kilifunga siku kimeshuka kiasi cha asilimia 5.7.

Namba ya kukariri ni 272. Bunge lao la chini lina viti 543, na zaidi ya nusu yake huanzia hapo. Chama kikiifikia chenyewe, kinaamua chenyewe. Kikikosa, tafuta ni nani wanaoziba pengo, maana hao ndio watakaodai chao. Mwaka huo walikuwa TDP cha Chandrababu Naidu, viti 16, na JD(U) cha Nitish Kumar, viti 12. Julai bajeti iliposomwa, jimbo la Naidu, Andhra Pradesh, likaahidiwa rupia bilioni 150 za kujengea mji wake mkuu wa Amaravati, na jimbo la Nitish, Bihar, likapata barabara. Vyama vidogo, lakini hesabu ilikuwa inawahitaji, nao walijua.

Sasa saa. Soko la Mumbai hufunguliwa saa tatu na robo asubuhi kwao. Huku Tanga ni saa moja kasoro robo, wachuuzi wa Mgandini ndio kwanza wanapanga nyanya. Hufungwa saa saba mchana kwetu. Katikati hapo usiguse hela. Siku ya kuhesabu kura namba hupanda na kushuka kila dakika: ile tarehe 4 Juni, kuna wakati anguko lilifika kiasi cha asilimia 8 kabla ya kupungua. Ukituma TT, yaani malipo ya benki kwenda nje, kwa kuangalia namba ya saa nne asubuhi, umefuata kelele. Kanywe kahawa kijiweni, uwasikilize mabingwa wa siasa za dunia wanaobishana bila kuwa na hata cheni moja ya kuuza.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Hisa zikianguka, spea haijashuka bei. Hisa ni mambo ya wenye kampuni. Wewe linalokuhusu ni rupia, na hata hiyo inakuhusu kwa mlango wa nyuma, kwa sababu muuzaji wako wa Ludhiana, kule India, anakuandikia profoma, yaani ankara ya kabla ya mzigo, kwa dola. Rupia ikidhoofika, anayefaidi wa kwanza ni yeye: dola zako zile zile zinampa rupia nyingi zaidi. Wewe utafaidi ukidai.

Piga hesabu ya siku ile ya tarehe 4 Juni 2024. Hisa zimeanguka vibaya, lakini rupia ilitoka 83.1 hivi kwa dola hadi 83.5 hivi. Kwa mzigo wa dola 5,000, nyongeza ya muuzaji ni kama rupia 2,000, haifiki hata dola 25. Mkigawana nusu kwa nusu, ada ya benki inaweza kuimeza yote. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: rupia isipopungua hata asilimia 2, nanyamaza. Ikipita hapo na ikae wiki nzima, ndipo naomba punguzo.

Na hisa na pesa haziendi pamoja siku zote. Uingereza, Juni 2017, waziri mkuu Theresa May aliitisha uchaguzi ili aongeze wabunge, akaishia kupoteza wingi wake. Pauni ikashuka karibu asilimia 2, lakini hisa za kampuni kubwa za London zikapanda, kwa kuwa nyingi zinachuma nje na pauni dhaifu inawanenepeshea mapato. Turudi India.

Ngoja serikali iundwe. Mei 2004 muungano wa BJP uliangushwa, na vyama vya kushoto, ambavyo chama kilichoshinda, Congress, kilivihitaji, vikasema havitaki mashirika ya umma yauzwe. Tarehe 17 Sensex ikaanguka zaidi ya asilimia 11, biashara ikasimamishwa mara mbili kwa siku moja. Kesho yake ikapanda. Kiongozi wa Congress, Sonia Gandhi, akakataa uwaziri mkuu, akapewa Manmohan Singh, waziri wa fedha wa zamani ambaye wafanyabiashara walikuwa wanamjua, akaapishwa tarehe 22. Mwaka 2024 ikawa haraka zaidi: Ijumaa tarehe 7 Juni hisa zilikuwa zimeshapita pale zilipokuwa kabla ya anguko, hata Modi hajaapishwa. Kwa hiyo uliza maswali mawili tu: nani waziri mkuu, na nani kashika fedha. Wakiwa wale wale, au watu wanaojulikana, endelea na oda yako ya kawaida.

Ukiamua kudai punguzo, usimwambie muuzaji kuhusu Modi wala Congress. Hujui yeye kampigia nani kura. Mwandikie hivi: "Bwana, profoma yako ya mwezi uliopita ulipiga dola kwa rupia kadhaa, leo ni kadhaa. Nipunguzie asilimia 1, nalipa wiki hii." Yule wangu huwa ananung'unika kwanza, halafu anapunguza nusu ya nilichoomba, kwa hiyo omba mara mbili.

Jambo la mwisho, vijana wangu. Juni ile ile ya 2024 mlipokuwa mnaniuliza habari za Delhi, dola moja ilikuwa inapita shilingi 2,600, na tarehe 13 bajeti yetu ikasomwa Dodoma. Hayo mawili yanagusa bei ya cheni kwenye rafu yangu kuliko viti vyote 543. Kiwango cha dola kiangalieni kila asubuhi, na bajeti ikisomwa muwe na redio wazi na kalamu mkononi.