SOMO: Kuvua ukiwa kwenye tyubu huku upepo unakusukuma

Habari wadau, hasa nyie wa Boise na Twin Falls huku Idaho, Marekani, mnaoulizia trauti (samaki wa maji baridi). Tyubu ninayosema ni lile boya la kukalia lenye kiegemeo cha mgongo, unaelea nalo miguu ikiwa majini na umevaa mapezi ya kuogelea. Watu wengi upepo ukianza tu wanafungasha, na hapo ndo muda mzuri unaanza! Upepo ukivuma masaa kadhaa unasukuma maji ya juu pamoja na wadudu kwenda ng'ambo, samaki nao wanafuata msosi. Nawapa mfano wa ziwa Henrys Lake hapa Idaho, kina chake wastani kama mita 3.7 tu, majani kibao chini, na liko juu karibu mita 1,970 kutoka usawa wa bahari kwa hiyo maji ni baridi na mchana upepo huwa unapanda.

1. Angalia upepo unaelekea wapi. Kama unatoka ufukweni kwenda katikati USIINGIE, mapezi ya miguuni hayauwezi. Laifu jaketi vaa kabisa, sio unaiweka pembeni.

2. Anza kwa kupiga mapezi kwenda kule upepo unakotoka, nguvu bado unazo. Tyubu inaenda kinyumenyume so geuka geuka uangalie nyuma.

3. Hapa ndo penyewe. Upe upepo mgongo, kile kiegemeo kinaushika kama tanga na unaanza kusogea. Mshipi rusha PEMBENI, ukirusha mbele unaufuata mwenyewe unalegea, samaki anagusa wala husikii. Ukirusha pembeni unajikunja taratibu, ndoano inazunguka kuja nyuma yako, na pale inapogeuka tu ndo trauti wengi wanapiga, kwa hiyo ncha ya rodi iwe chini karibu na maji. Mwendo ukizidi piga mapezi polepole, yanakuvuta kurudi kwenye upepo, yaani ndo breki yako. Ndoano ikija na majani kila saa unaenda taratibu mno, isipogusa jani hata moja basi inapita juu mno.

4. Ukipata samaki, shika alama mbili za nchi kavu, mfano mti na paa la nyumba, ili urudi mstari uleule.

MASWALI

Upepo ukizidi ghafla nafanyaje?
Usipambane nao uso kwa uso. Kata mshazari mpaka ufukwe wa karibu, gari utalifuata kwa miguu.

Si nitupe nanga tu mkuu?
Upepo mkali hapana, kamba inakaza, mawimbi yanakupanda na miguu inanasa. Funga kindoo kidogo kwa kamba fupi ubavuni kiburuzike majini, kinapunguza mwendo vizuri.

Mi niko Naivasha, inafaa?
Hapana ndugu yangu, viboko wale wanaua watu na wewe miguu inaning'inia majini. Ukitaka trauti huko Kenya fikiria ziwa Rutundu, Mlima Kenya, ila kibali ulizia mapema na ujikinge na baridi.