Jinsi ya kuwaona makau kwenye ukuta wa udongo, Tambopata

Asubuhi yangu ya kwanza kando ya mto Tambopata, kusini-mashariki mwa Peru, niliondoka mapema mno. Kasuku wadogo wa kijani walikuwa wametua ukutani kwa mamia, mara wakaruka wote kwa kishindo, nami nikadhani yamekwisha. Waliobaki ndio waliowaona makau, wale kasuku wakubwa wenye mkia mrefu. Nilisikitika hadi usiku.

Kwa hiyo, la kwanza: kaa. Ukuta wenyewe, ambao wenyeji huuita collpa, ni ukingo wa mto uliomegwa na maji. Zinazojulikana zaidi ni Chuncho na Colorado. Mji wa kufikia ni Puerto Maldonado, kisha unapanda boti kwenda juu ya mto. Nenda kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, kwa sababu asubuhi ya mvua ndege hawashuki. Uwe umeshaketi kabla ya mapambazuko.

Wadogo hutangulia. Makau, ambao kwa Kihispania ni guacamayo, mara nyingi hungoja jua lipande. Hutua kwanza kwenye vilele vya miti, wakateremka tawi kwa tawi huku wakichungulia. Hapo usisimame wala usinyooshe mkono. Kivuli cha tai tu kinatosha kuwatawanya. Wakitawanyika, usiondoke. Mara nyingi hurudi.

Kinachowaleta hasa ni chumvi. Bahari iko mbali, na vyakula vya msitu huo vina sodiamu kidogo sana, ila udongo wa ukingoni unayo.

Kuwatambua kunahitaji jicho. Wa bluu na njano hakuchanganyi. Wekundu ni wa aina mbili, na wengi huwaona kama mmoja: tazama bawa. Likiwa na mkanda wa njano katikati, huyo ni makau mwekundu. Ukiwa wa kijani, ni makau mwekundu-kijani, na ngozi nyeupe ya uso wake ina mistari myembamba ya manyoya mekundu. Angani huruka wawiliwawili, mabawa yakikaribia kugusana. Ukiona watatu, huenda wa tatu ni kinda lao.

Wakitoka ukutani, endelea kuwafuata kwa darubini. Baadhi hubeba bonge la udongo hadi tawini, wakalishika kwa mguu mmoja na kulitafuna polepole. Ni wakati huo nilipoiona ile mistari ya uso, mmoja mmoja.