Kabla ya kununua lekitho ya Athens, imulike gizani

Lekitho, kile kichupa chembamba cha udongo cha Wagiriki wa kale cha kuwekea mafuta, mara nyingi huuzwa kama kizima kumbe shingo imeungwa. Tafuta taa ya urujuanimno (UV) yenye urefu wa wimbi wa nanomita 365. Zile za bei nafuu za 395 hutoa mwanga wa zambarau mwingi unaofunika dalili hafifu. Vaa miwani ya kinga, zima taa zote, ngoja dakika 5 macho yazoee giza, kisha zungusha chombo polepole.

Rangi nyeusi ya kale ni udongo laini uliochomwa tanuruni, kwa hiyo hubaki nyeusi tii. Chini ya taa hiyo, gundi ya sheleki (utomvu wa wadudu) hung'aa rangi ya chungwa, epoksi (gundi ya kisasa) mara nyingi samawati nyeupe, na rangi ya juzi huonekana kama kiraka kisicholingana na jirani zake. Kagua zaidi shingo, mkono na ukingo wa kitako, maana ndipo panapovunjika kwanza.

Ukibaki na shaka, omba ruhusa ya muuzaji, lowesha pamba kwa asetoni (kiyeyushi cha rangi) kidogo na uguse chini ya kitako. Pamba ikitoka nyeusi, hiyo ni rangi ya kisasa. Usijaribu hili kamwe kwenye lekitho zenye usuli mweupe nyuma ya michoro: rangi zake nyingine zilipakwa baada ya kuchomwa, na hutoka kwa kuguswa tu.

Tena dai karatasi zinazoonyesha kilikuwa wapi kabla ya 1970, mwaka wa mkataba wa UNESCO dhidi ya biashara haramu ya mali za kitamaduni. Bila hizo, kiache, hata kiwe kizuri vipi.