Kulainisha mnyororo wa msumeno kwa mafuta ya mimea badala ya oili chafu

Msumeno wa mnyororo, ambao mafundi wengi huuita chensoo, una matangi mawili: moja la petroli iliyochanganywa na oili ya injini, na jingine la oili ya kulainisha mnyororo unapoteleza juu ya bapa la chuma linaloubeba. Oili ya tangi hili la pili hairudi kokote. Mnyororo huenda kasi ya takribani mita 20 kwa sekunde, hivyo oili hurushwa pamoja na unga wa mbao na kuishia ardhini. Tangi hilo huchukua karibu robo lita, na kwa kawaida huisha pamoja na petroli; maana yake ni kwamba mkata miti anayejaza mara nne kwa siku huacha lita nzima ya oili msituni kila siku ya kazi. Katika mashamba ya miti kama Sao Hill wilayani Mufindi, ambako vijito huanzia katikati ya misindano, jambo hili halipaswi kuchukuliwa kama dogo.

Ubaya huongezeka pale inapotumika oili chafu, yaani ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini za magari. Oili hiyo imebeba chembe za chuma na kemikali zinazotokana na kuungua kwa mafuta, baadhi zikiwa zinaweza kusababisha saratani, na anayeushika msumeno huipokea kwenye ngozi na kuivuta kama ukungu kila anapokata. Isitoshe, chembe zile zile za chuma hulisaga bapa na pampu ndogo ya oili, hivyo hata kwa hesabu ya vipuri peke yake oili chafu si nafuu kama inavyodhaniwa.

Mafuta ya mimea yanafaa kwa kazi hii kwa sababu ya umbile lake. Molekuli zake zina sehemu inayovutwa na chuma, na kwa hiyo hujipanga juu ya uso wa chuma na kuacha utando mwembamba unaozuia vyuma viwili visigusane moja kwa moja hata pale mgandamizo unapokuwa mkubwa. Oili ya madini, yaani ile itokanayo na mafuta ghafi ya ardhini, haishiki hivyo isipotiwa viongezeo. Zaidi ya hayo, vijidudu vya udongoni huweza kuyala mafuta ya mimea kwa muda mfupi. Ndiyo maana Austria ilikwisha kuzuia oili za madini kwenye minyororo ya misumeno mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wakata miti wengi wa Ulaya hutumia mafuta ya mbegu.

Si kila mafuta ya jikoni yanafaa, na hapa ndipo wengi hukosea. Mafuta ya nazi hudumu bila kuharibika kwa hewa, lakini huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Yanaweza kufaa Tanga, lakini asubuhi ya Julai huko Mufindi yatakuwa yameganda ndani ya tangi. Mafuta ya kitani yasitumike kabisa, kwa kuwa hukauka na kuwa kama rangi ya mbao. Mafuta ya alizeti yanapatikana kwa urahisi, lakini ni mepesi: katika nyuzi 40 mnato wake, yaani kipimo cha uzito wake wa kutiririka, ni milimita za mraba 30 hivi kwa sekunde, ilhali oili nyingi za minyororo hukaribia 100 au kuzidi. Mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita mafuta ya nyonyo, ni mazito mno, yakifikia karibu 250, na hushika chuma vizuri sana. Jina la kampuni ya Castrol lilitokana nayo, kwani oili yake ya mwaka 1909 ilitiwa mafuta ya mbarika.

Kwa maoni yangu, njia bora ni kuyachanganya hayo mawili kwa vipimo sawa, lita kwa lita. Chagua alizeti iliyosafishwa, isiyo na maji wala mashapo. Weka chupa ya mbarika ndani ya maji ya moto hadi mafuta yawe mepesi, usiyaweke juu ya moto, kisha mimina alizeti na ukoroge kwa dakika kadhaa. Acha mchanganyiko katika chupa angavu usiku kucha. Ukikuta umejitenga kwa tabaka, usiutumie. Ukikuta umebaki wa rangi moja, uchuje kwa kitambaa safi kilichofumwa kwa karibu. Anayekamua mbarika mwenyewe akumbuke kwamba sumu ya mbegu hubaki kwenye mashudu, na mashudu hayo yasipewe mifugo.

Kabla ya kujaza, ondoa oili ya zamani yote, kwa sababu mafuta ya mbarika hayachangamani vizuri na oili ya madini. Kinga oili hiyo kwenye dumu, usiimwage chini. Fungua kifuniko cha pembeni, toa bapa na mnyororo, kwangua mfereji wa bapa kwa kipande chembamba cha bati, na uzibue tundu linalopitisha oili, ambalo mara nyingi huzibwa na unga wa mbao uliolowa. Geuza bapa ili upande wa juu uwe chini, maana upande mmoja hulika kuliko mwingine. Tia alizeti kidogo kwenye tangi, endesha msumeno kwa dakika moja au mbili, mwaga hiyo pia dumuni, kisha jaza mchanganyiko wako.

Sasa hakikisha mafuta yanafika. Elekeza ncha ya bapa kwenye kisiki cheupe au karatasi, kwa umbali wa sentimita 20 bila kugusa, na uongeze mwendo wa injini. Mstari mwembamba wa mafuta unapaswa kuonekana baada ya sekunde chache. Usipoonekana, zima injini kwanza, kisha geuza skrubu ya pampu, kama msumeno wako unayo, ili itoe mafuta zaidi, au ongeza alizeti kidogo kwenye mchanganyiko siku za baridi. Bapa likipata moto kiasi cha kutoa harufu, tatizo linaweza kuwa meno butu au mnyororo uliokazwa kupita kiasi, na hapo mafuta zaidi hayatasaidia.

Udhaifu mkubwa wa mafuta haya ni hewa. Yakikaa wiki kadhaa bila kutumika hunata kama gundi, na mnyororo au pampu huweza kukwama kabisa. Msumeno unaowekwa kwa muda utolewe mafuta yote, mnyororo uoshwe kwa mafuta ya taa ndani ya karai, ukaushwe na kupakwa oili nyepesi kidogo. Matambara yaliyolowa mafuta ya mimea yasirundikwe, hasa pamoja na unga wa mbao, kwa sababu huweza kujipasha joto na kuwaka yenyewe. Yatandaze nje yakauke.

Mchanganyiko huu usiingizwe kwenye tangi la petroli wala kwenye injini ya gari, ambako joto ni kali na oili hudumu miezi. Cherehani nayo isipakwe, kwani sehemu zake ndogo hushikwa na gundi mapema. Lakini bawaba za geti na mnyororo wa baiskeli inayotumika kila siku hulainishwa vizuri nao, mradi vifutwe na kupakwa upya kila wiki. Kuliwa na vijidudu hakumaanishi kwamba mafuta haya yamwagwe kijitoni, kwa kuwa yakioza majini humaliza hewa wanayoitegemea samaki. Jaza tangi mbali na maji, na weka turubai chini unapojaza. Mchanganyiko uliochacha na kunuka, ambao asidi yake huweza kula chuma, upeleke kwa watengeneza sabuni.